Barakoa Kwenye Pindo la Kanga

Kwanza tuelewane: Dorkasi hakuwa mwoga. Watu wa Mgwashi walimwita hivyo mwaka mzima, kwamba Mama Alen anaogopa kufa utadhani yeye ndiye wa kwanza kupewa pumzi. Walisema. Mdomo ni wao. Lakini mwanamke aliyejifungua njiani, juu ya machela, wanaume wakihema kumpandisha kilima kuelekea hospitali, halafu kesho yake akauliza nani amelisha ng'ombe, huyo usimwite mwoga mbele yangu.

Alichokuwa nacho Dorkasi ni mume mwenye kifua kibovu. Basi.

Nikodemo alikuwa fundi mwashi tangu ujana. Vumbi la saruji, vumbi la chokaa, moshi wa tanuru la matofali, vyote alivimeza miaka thelathini bila kulalamika. Kifua kikuu kikampata mara mbili. Mara mbili akameza dawa mpaka mwisho, akapona, akarudi kazini kabla hata mwili haujamrudi. Kisha siku moja akashindwa kupanda kutoka barabarani hadi nyumbani kwake mwenyewe. Wakaenda hospitali, daktari akabandika picha ya kifua kwenye kioo chenye taa. Upande wa kushoto ulikuwa mweupe wote.

"Mzee anapumulia upande mmoja," daktari akamwambia Dorkasi. "Hata mafua ya kawaida yanaweza kumwondoa. Na huu ugonjwa mpya tunaousikia, mama, ukimfikia sitakudanganya."

Mwezi haukupita, ugonjwa mpya ukaingia nchini.

Mwanzoni watu wote waliogopa, na hapo Dorkasi hakuonekana wa ajabu. Kila mlango ulikuwa na ndoo ya maji na sabuni. Kanisani mabenchi yalitenganishwa, watu wakasalimiana kwa kugusana viatu, wazee wakacheka. Lakini hofu nayo inachosha, jamani. Mahindi yalipovunwa, ndoo zilisharudi kubebea maji ya ng'ombe na mabenchi yalisharudi mahali pake. Soko likajaa, harusi zikarudi na vigelegele vyake. Ugonjwa wenyewe ukakosa jina. Mtu akifa, husikii neno. Unaambiwa alikuwa na presha, au alipata changamoto ya kupumua. Changamoto! Kana kwamba kupumua ni mtihani wa darasa la saba.

Dorkasi peke yake akabaki palepale. Alikwenda shambani na kurudi. Sokoni hakwenda. Jumapili alimsomea mumewe zaburi chumbani, wakaimba wawili, yeye sauti ya kwanza na Nikodemo akinong'ona sauti ya nne kwa pumzi aliyokuwa nayo. Mgeni akija, alimkuta Dorkasi kwenye migomba, hatua kumi kutoka mlangoni, na mazungumzo yaliishia hapohapo. Na misiba, hapo ndipo penye neno, misiba hakwenda kabisa. Alikuwa akibeba unga na mzigo wa kuni, anauweka kwenye njia panda ya kuingilia msibani, anapaza sauti kutoa pole, halafu anageuka. Misiba sita aliifanyia hivyo.

Sasa asiyetoka kwenye milima hii hataelewa kosa lake lilikuwa kubwa kiasi gani. Tambarare huko, kaburi ni shimo. Kwetu ardhi imesimama. Ukitaka kumlaza mtu lazima kwanza uukate mteremko, upate uwanda kama sakafu ya chumba, ndipo uanze kushuka chini. Jeneza nalo haliletwi na gari mpaka mlangoni. Linabebwa mabegani kwenye njia ya mbuzi, wanane wakipokezana na wanane wengine. Maiti ya huku inahitaji watu. Na watu wanakuja kwako kwa sababu ulikwenda kwao. Hakuna anayeandika mahudhurio. Haina haja, kila mtu anajua nani alikuwepo.

Mwezi wa kumi na moja alifariki mama yake Danieli, mfanyabiashara wa kabichi wa ng'ambo ya bonde. Danieli alikuwa mtu wa kushinda barabarani na magunia yake. Miaka mitatu alikuwa hajaonekana kwenye msiba wowote. Wanaume wa kitongoji walikuja siku hiyo. Walikuja wote, na majembe. Wakakaa kwenye ukingo wa shamba, majembe katikati ya magoti, na hakuna aliyeinuka. Danieli akawaangalia, wao wakaangalia bonde. Basi akaanza kuchimba yeye na wanawe wawili. Wakakutana na jabali. Mvua ikanyesha. Saa kumi na moja jioni walikuwa wamefika kiunoni tu, na mwinjilisti akasema mwili hauwezi kungoja tena. Katika kulishusha jeneza, kamba ikateleza kwenye mkono wa mwanawe mdogo, nalo likaingia kwa kichwa.

Nikodemo aliyaona yote hayo kutoka dirishani, ng'ambo ya bonde, blanketi mabegani. Na huyu, nisisahau kuwaambia, ndiye aliyekuwa akipima makaburi ya Mgwashi kwa miaka thelathini. Alikuwa na fimbo yake ya mpera yenye alama tatu za kisu. Hakuna kaburi lililoanza kabla Nikodemo hajalaza fimbo chini.

Siku ile hakula. Kesho yake hakula. Siku ya tatu Dorkasi akaweka sahani ya makande kwenye mapaja yake, akasimama, mikono kiunoni.

"Baba Alen, unataka kuniua kwa mawazo?"

"Umenifungia humu mwaka mzima," Nikodemo akasema. "Sikatai. Umenifungia kwa mapenzi. Lakini nikuulize, nikifa?"

"Hufi."

"Mama Alen, acha utoto. Nitakufa. Kama si kwa huo ugonjwa wenu usiotajwa jina, nitakufa kwa huu wangu wenye jina." Akapumzika, maana maneno mengi hivyo yalimmaliza pumzi. "Kaburi la pale chini kwa baba, nimeshalipima kwa macho. Wanaume wanane, asubuhi mpaka saa saba. Alen atachimba peke yake mpaka lini? Utamwita nani? Unga uliouacha njia panda ndio utakaokuja kunibeba?"

Dorkasi akatoka nje akaenda kukata majani ya ng'ombe ambayo hayakuhitajika.

Hapo ndipo mizani ilipoanza kumsumbua. Upande huu, akitoka atamletea mumewe kifo ndani ya nyumba. Upande ule, asipotoka, kifo kikija chenyewe kitamkuta mumewe hana mtu, na ataingizwa kichwa chini kama mama yake Danieli, watu wakiangalia bonde. Alichambua maharage akiliwaza hilo, akakamua ng'ombe akiliwaza hilo. Alimpigia simu mwanawe Alen, aliyekuwa Morogoro kwenye kiwanda, naye akasema, "Mama, usitoke, maisha kwanza." Rahisi kusema ukiwa Morogoro.

Januari ilipokwisha akaja Eliza. Eliza ndiye mkubwa wa kina mama wa kitongoji. Msiba ukitokea yeye ndiye anayesema nani apike, nani ateke maji. Mwanamke wa maneno machache na mkono mzito. Hakusimama kwenye migomba. Alikuja mpaka kizingitini, Dorkasi akarudi nyuma hatua tatu, Eliza akaziona hizo hatua na akazinyamazia.

"Mama Alen, mimi sikuchukii. Ningekuchukia nisingekuja, ningeacha uje ujionee."

"Najua, Mama."

"Misiba sita. Wanaume wameshasema. Mimi nimekutetea nimechoka, nimesema mwenzetu ana mgonjwa. Wananiuliza, kwani nani hana mgonjwa?" Akajifunga kanga yake upya. "Wa saba hautasamehewa. Nimekwambia mimi mwenyewe ili usije ukasema hukuambiwa."

Na kweli, kwani nani hakuwa na mgonjwa?

Msiba wa saba haukukawia. Wiki ya pili ya Februari akafariki Mzee Clemence, mzee wa kanisa, mtu wa nguvu aliyekuwa bado akipasua kuni mwenyewe. Aliugua siku nane. Usiniulize aliugua nini. Walimpiga nyungu asubuhi na jioni, majani ya mkaratusi na mchaichai na malimao, wakamfunika blanketi juu ya sufuria inayofuka, na siku ya tisa akafa akiwa amekaa, maana kulala alikuwa hawezi tena. Kanisani ikatangazwa kwamba ameitwa.

Dorkasi akateremka kwa Dotto.

Dotto alikuwa binti wa Mwanaidi, mshonaji, cherehani yake barazani kando ya barabara. Mwanaidi mama yake alikuwa na pumu ya tangu utoto. Ukikaa barazani pale ulisikia kifua chake kutoka chumbani, kinapiga filimbi. Katika Mgwashi nzima ni Dotto tu aliyekuwa bado anavaa barakoa, naye alijua kujificha kuliko Dorkasi.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Wewe misiba unafanyaje?"

Dotto akacheka bila furaha. "Siku ya msiba nafunga cherehani nakwenda Lushoto kufuata vitambaa. Nimekwenda mara nyingi mpaka sina pa kuviweka. Lakini nitakamatika tu, mama. Wameanza kuniuliza mbona vitambaa haviishi."

"Mimi kesho nakwenda kwa Clemence."

Dotto akaacha kukanyaga cherehani. Hakumwambia asiende, na Dorkasi akashukuru kwa hilo. Akachukua pamba nzito, akakata, akashona barakoa mbili za tabaka tatu, akazikaza kamba zikae vizuri masikioni. Akamvalisha Dorkasi moja kwa mikono yake, akaibana puani.

"Kaa karibu na mlango. Usiguse uso. Na mama, usiivue. Ukiivua mara moja umeivua siku nzima."

"Siivui," Dorkasi akasema.

Alisema kweli kabisa. Usiku ule alipanga kila kitu: atakaa msibani saa moja, atarudi, ataoga nje kwa bomba, nguo atazichemsha, atalala jikoni wiki mbili na chakula cha Nikodemo atakiacha mlangoni. Alimweleza mumewe mpango wote huo. Nikodemo akamsikiliza, akamshika mkono.

"Hongea, Mama Alen," akasema, kwa Kishambaa chao cha ndani. Na kwa asante hiyo Dorkasi aliona kwamba hawezi tena kurudi nyuma.

Kesho yake asubuhi alibeba kuni kichwani, akafunga barakoa, akaingia kwa Clemence. Njia panda aliipita, na wanaume waliokuwa wakinoa majembe walinyamaza kumtazama. Mmoja akasema "Onga mahundo," naye akaitikia. Mwaka mzima hakuna aliyemsalimia kwa karibu hivyo. Machozi yakamlenga, msinicheke, yalimlenga kwa salamu tu.

Ndani kulikuwa na wanawake kama arobaini sakafuni, goti kwa goti, madirisha yamefungwa kwa ajili ya baridi. Mjane, Janeth, alikuwa kwenye mkeka katikati, kanga imefunika kichwa. Dorkasi akakaa mlangoni kama alivyoagizwa, mgongo kwenye upepo. Akadhani ameweza.

Lakini chumba kikaanza kubadilika. Vichwa vikageuka kimoja baada ya kingine. Mnong'ono ukaanzia upande wa ukutani, ukazunguka, ukamfikia Eliza. Eliza akasogea kwa makalio mpaka pembeni yake.

"Vua hicho kitu."

"Eliza, nina mgonjwa."

"Najua una mgonjwa! Lakini ona, umekaa mbele ya mwenzio unamtangazia mume wake kafa na nini. Watu wote humu wamekaa uso wazi, wewe umekuja kusema sisi ni sumu na marehemu ni sumu. Bora ungekaa kwako."

Dorkasi akashika magoti yake. Akaiwaza picha ile yenye upande mweupe. Akayawaza maneno ya Dotto. Angeweza kuinuka aondoke, lakini kuondoka na barakoa usoni kungekuwa kubaya kuliko kutokuja. Na pale Janeth akainua kanga usoni mwake, macho yamevimba, akamwangalia yeye moja kwa moja.

"Mama Alen," akasema taratibu, "mume wangu alikuwa na presha."

Hakuna aliyekuwa amemwuliza.

Ee Mungu. Uso ule ungemfanya mtu yeyote aone aibu. Dorkasi aliona aibu mpaka masikio yakawaka. Mkono ukapanda wenyewe sikioni. Akaivua, akaikunja mara nne, akaifunga kwenye pindo la kanga kama watu wanavyofunga pesa, akapita juu ya miguu ya watu mpaka katikati ya mkeka. Akamwangukia Janeth shingoni, shavu kwa shavu, machozi ya huyu kwenye mdomo wa yule, wakalia kwa sauti. Wanawake wote wakalipuka kulia pamoja nao. Ilikuwa raha, na hilo ndilo lililomtisha baadaye: ilikuwa raha kulia na watu.

Saa moja haikuwa saa moja. Ukishaivua umeivua. Alisonga ugali, akaosha sufuria, akala sinia moja na wenzake, mikono saba kwenye mboga moja, na pale kwenye sinia mwanamke wa mkono wa kushoto alikohoa akajifuta kwa kiganja na kumega tonge. Dorkasi aliona. Akamega la kwake.

Alirudi jioni, akaoga kwa bomba akitetemeka, akachemsha nguo, akaweka mkeka wake jikoni. Siku tano alikaa huko. Chakula alikiacha kizingitini na kurudi nyuma, na walizungumza kupitia dirishani. Siku tano hakuna kitu. Akaanza kupumua.

Siku ya sita wakaja.

Hili Dorkasi hakulipanga. Alipanga yote isipokuwa hili, na mimi namlaumu hapo, maana alizaliwa Mgwashi na alipaswa kujua. Ukirudi kwa watu, watu nao wanarudi kwako. Walikuja wanawake kumi na wawili, Eliza mbele, na ndizi na maziwa na mapeasi kwenye ungo, wakiimba tangu kule chini kwenye mti wa mgrevilea. Wamekuja kumsalimia Baba Alen, mgonjwa wao, ambaye mwaka mzima walinyimwa.

"Amelala," Dorkasi akasema akiwa kwenye mlango wa jiko.

"Tutamwamsha kwa nyimbo," Eliza akasema, na wote wakacheka. "Na wewe mbona umesimama nje ya nyumba yako? Njoo huku!" Akamshika mkono, akamvuta, wakaingia wote, yeye akiwa katikati yao kama bibi harusi.

Nikodemo hakuwa amelala. Alishasukuma blanketi pembeni, akavaa kofia. Wakampa mikono mmoja mmoja, shikamoo baba, shikamoo baba, wakakaa kitandani kwake, miguuni, ubavuni. Akaulizia watoto wao kwa majina. Akawaeleza kaburi la Clemence lilivyokosewa, kwamba ameliona kutoka dirishani limeelekea bondeni kidogo, na wanawake wakashangaa. Alicheka. Mwaka mzima Dorkasi hakusikia kicheko kile, na alikuwa amesahau kwamba kina mkoromo mwishoni. Wakaimba wimbo mmoja wa kitabuni, beti zote tano, madirisha yamefungwa kwa ajili ya kifua cha mzee.

Walipoondoka Nikodemo alikuwa amechoka na macho yanang'aa.

"Sasa nina watu," akasema. "Sasa hata ikiwa kesho, sawa."

"Nyamaza," Dorkasi akamwambia. "Nyamaza, nakuomba."

Kesho yake asubuhi alikaanga vitunguu na hakusikia harufu. Akainamia sufuria mpaka mvuke ukamwunguza pua. Akatoka mbio mpaka zizini, akainamia samadi. Hakuna. Akakaa chini palepale kwenye samadi, akashika tama, na ng'ombe akawa anamlamba bega.

Ni yeye aliyemletea mumewe, au ni wale kumi na wawili? Hata leo hajui. Wakati mwingine anaona afadhali iwe ni wao, na wakati mwingine anaona afadhali iwe ni yeye, angalau itakuwa imetoka kwa mtu aliyempenda. Haisaidii kitu upande wowote.

Nikodemo alianza kukohoa Jumapili. Jumatano midomo ilikuwa ya bluu. Wanaume kumi walikuja kumbeba kwa machela mpaka barabarani, wakigombea mpini, na hospitali walimpa hewa ya mtungi siku mbili. Daktari yuleyule alipita, akamwangalia Dorkasi, akaendelea na wagonjwa wengine. Ijumaa alasiri Nikodemo aliacha kupumua katikati ya pumzi, kama mtu aliyekumbuka jambo.

Alen alisafiri usiku kucha, akafika Jumamosi alfajiri. Alikuta watu wamejaa. Nawaambia walijaa! Kutoka nyumbani mpaka chini barabarani, njia nzima ilikuwa vichwa vya watu. Kuni zilirundikwa mpaka kwenye madirisha. Hata Danieli alikuja, na jembe lake, akasimama nyuma ya wote. Fimbo ya mpera ilitolewa uvunguni, ikalazwa chini na mtu mwingine, na wanaume wakaanza kuukata mteremko wakiimba.

Dorkasi alikuwa kwenye mkeka katikati ya chumba, kanga imefunika kichwa. Eliza alikuwa ubavuni mwake, amemshika kiuno.

"Unawasikia?" Eliza akamnong'oneza, na alinong'ona kwa upendo wa kweli. "Wako zaidi ya sitini. Ungebaki umejifungia, leo ungekuwa na nani?"

Dorkasi akatikisa kichwa kukubali. Alikuwa anawasikia. Mke wa mpimaji anajua kaburi kwa masikio. Jembe lilikuwa linatoa sauti nyepesi, ya udongo wa juu. Walikuwa bado wanakata uwanda, hawajaanza kushuka. Ilikuwa saa tatu na nusu.

Mlangoni mwanga ukazibwa kidogo. Akainua macho. Alikuwa Dotto, kanga mbili, mzigo wa kuni mikononi, na barakoa usoni.

Maskini Dotto. Kwenda Lushoto kumemshinda leo. Kwa Baba Alen asingeweza kukosa. Akatua kuni, akakaa palepale mlangoni, mgongo kwenye upepo. Na vichwa vikaanza kugeuka. Mnong'ono ukaanzia upande wa ukutani, na Dorkasi akausikia unavyozunguka chumba, mtu kwa mtu, mpaka mkono wa Eliza ukakaza kiunoni mwake.

"Huyu mtoto naye," Eliza akasema. "Kwako, Mama Alen! Leo hii!"

Dotto hakumwangalia Eliza. Alimwangalia Dorkasi. Macho yale juu ya kitambaa yalikuwa yanauliza swali moja tu, na Dorkasi alilijua swali hilo neno kwa neno. Alikisikia na kifua cha Mwanaidi, filimbi ile, kama vile chumba chake kilikuwa pale nyuma ya ukuta.

Maneno yalimfika kooni. Usiivue, mwanangu. Inuka urudi kwa mama yako. Hayakuwa maneno magumu. Lakini kuyasema mbele ya wanawake hamsini ilikuwa ni kusema Nikodemo amekufa na nini, na nani walikuja siku ya sita wakakaa kitandani kwake wakaimba beti tano. Neno lingetoka mlangoni humo, lingefika kwa wenye majembe kabla hajafunga mdomo.

Nje majembe yakanyamaza.

Dorkasi akamwona akilini Danieli na wanawe siku ile. Akaiona kamba ikiteleza. Akangoja. Kumbe walikuwa wanapokezana tu, wanakunywa maji. Mtu akacheka huko nje, kisha sururu ikapiga, na safari hii sauti ilikuwa nzito, ya udongo wa chini. Wameanza kushuka.

"Baba Alen alikuwa na kifua cha siku nyingi," Dorkasi akasema.

Hakuna aliyekuwa amemwuliza. Akasema hivyo, akafungua mikono.

Mkono wa Dotto ukapanda sikioni taratibu, akaivua, akaikunja vizuri kama mshonaji, akaifunga kwenye pindo la kanga. Akapita juu ya miguu ya watu. Akamwangukia Dorkasi shingoni, shavu lake lina machozi na joto, na wanawake wote wakalipuka kulia.

Dorkasi alimkumbatia kwa nguvu zake zote na hakumwachia upesi.

Saa saba kamili kaburi lilikuwa tayari.